Bunduki Kinyonga na Bakuli la Bi Mize

Siku ya mwisho ya likizo yetu nilikwenda Kisiwa Panza kumchukua Faki kwao. Ilikuwa asubuhi isiyo na jambo. Mama yake, Bi Mize, alikuwa amekaa juu ya mbuzi akikuna nazi, na jirani yake akaja na bakuli jeupe lenye maua ya buluu, limefunikwa kawa. Juzi yake bakuli hilo lilikuwa limekwenda kwa jirani na pweza wa nazi. Sasa lilikuwa linarudi, na kwetu Pemba bakuli halirudi tupu. Ukikosa kitu kabisa, utatia hata chumvi. Bi Mize alilipokea, akashukuru, akaliweka kando bila ya kufunua. Kufunua mbele ya aliyeleta ni kumpima, na mtu hapimwi.

Harufu ya vibibi, vile vikate vya mchele na nazi, ilikuwa inatoka chini ya kawa. Nilinyoosha mkono.

"Ngoja aliyeleta atoke, yakhe," Faki akaninong'oneza, akiendelea kufunga begi. "Nyinyi watu wa Vitongoji, babu zenu walikuwa na mashamba, adabu wakawaachia wachumaji."

Huo ulikuwa utani wetu tangu depo ya jeshi. Wazee wangu walitoka Omani na walimiliki mikarafuu ambayo mimi sikurithi hata kijiti. Yeye alitoka kwa wavuvi. Katika kikosi kizima tulikuwa Wapemba wawili, na jambo hilo lilitufanya ndugu kabla hatujajuana vizuri.

Baada ya wiki chache tulikuwa ng'ambo ya ziwa, katika milima ya nchi jirani, tukilinda barabara ya udongo na kambi ya wakimbizi isiyokuwa na uzio. Tulivaa kofia za walinda amani. Amani yenyewe sikuiona.

Huko ndiko tulikokabidhiwa bunduki mpya. Mkufunzi aliilaza mezani, akachomoa mtutu, akapachika mwingine, na mbele ya macho yetu ikawa bunduki nyingine. Mtutu mrefu ulikuwa wa milimani. Risasi yake nyembamba huenda mbali na hunyooka. Mtutu mfupi ulikuwa wa msituni; risasi yake nene huenda polepole, na ukiufungia kizuia sauti, mlio wake ni kama wa mtu aliyekohoa ndani ya mto wa kulalia. Kitako kile kile, kifyatuo kile kile, magazini ile ile ya kutilia risasi. Tuliiita kinyonga.

"Kama Muungano, afande," Faki alisema kutoka nyuma. "Moja, lakini mbili."

Darasa lote lilicheka. Hata mkufunzi.

Faida zake sizikatai. Zamani askari wa mlimani na askari wa msituni walikuwa watu wawili wenye mizigo miwili. Sasa mmoja alitosha. Ilikuwa nyepesi begani, na mtutu ukichakaa hubadilishwa, bunduki ikabaki. Siku moja waasi walitutega kwenye daraja la magogo. Kundi la Faki lilijificha nyuma ya ghala la mahindi, likabadilisha mitutu, likapita msituni kimya kimya na kuwazunguka. Jioni yake sote tulirudi tukala. Niliifuta bunduki yangu kwa kanga aliyonifungia mama, na nilikuwa naipenda.

Ubaya wake ulikuwa umelala ndani ya uzuri wake. Risasi zile mbili zilikuwa na kitako kimoja na kimo kimoja. Zilitofautiana kichwa tu, na zote mbili ziliingia katika magazini moja bila ya kulalamika. Risasi nene ikijipenyeza nyuma ya mtutu mwembamba, hukwama. Ukivuta kifyatuo, moto hukosa pa kutokea mbele, ukatokea kwako. Kwa hiyo tuliambiwa tuzungushie magazini zetu utepe: mweupe kwa risasi nyembamba, mwekundu kwa nene. Wahandisi wameumiza vichwa miaka, wakatengeneza chuma kinachojigeuza, halafu roho zetu zikaachiwa utepe wa dukani. Na kwa kuwa bunduki ni moja, waliotuletea risasi mlimani walizimimina zote katika mfuko mmoja. Nani angewalaumu? Kwao wao ilikuwa ni silaha moja.

Siku yenyewe tulikuwa juu ya kilima, sote na mitutu mirefu, na mvua ilinyesha tangu alfajiri. Chini yetu barabarani walikuwa wanapita watu wa kambini, wamebeba magodoro na kuku. Kazi yetu ilikuwa kuwazuia waasi wasiifikie barabara ile mpaka watu wapite. Faki aliishiwa, nikamrushia magazini yangu moja yenye utepe mweupe. Mapigano yalipotulia alitambaa hadi kwenye handaki langu.

"Shika chombo chako."

Ilikuwa nzito. "Umeijaza?"

"Sasa nikurudishie tupu? Kwani miye sina mama?"

Askari mwingine yeyote angenirushia tupu, nami nisingeona ubaya. Yeye alikaa matopeni akaijaza, vidole vimekufa ganzi, akipapasa ndani ya ule mfuko. Risasi ya juu, niliyoiona, ilikuwa nyembamba. Zilizo chini sikuzitoa. Aliyeileta alikuwa mbele yangu, ananitazama, anacheka huku meno yanagongana kwa baridi.

Alirudi kwenye handaki lake.

Waasi wakaja tena.

Nilipachika magazini ile, nikafyatua. Nikafyatua tena.

Bunduki ikapasuka mikononi mwangu.

Mlio sikuusikia. Niliona weupe, kisha nikaona nusu ya dunia. Jicho langu la kulia lilikuwa limekwenda. Mkono wa kushoto niliutazama nikadhani umevishwa kitu chekundu cha mtu mwingine.

Faki alitoka handakini.

"Rudi!" nilimpigia kelele. "Faki, lala!"

Alikuja wima, mbio, kama mtu anayekatiza uwanja wa kwao.

Alinifikia. Alinifunga mkono kwa ile kanga ya mama. Halafu akaiona magazini iliyopasuka, na risasi nene zilizomwagika kwenye tope, na ule utepe mweupe juu yake. Niliona jambo lile likimwingia usoni.

"Yarabi," alisema. "Ni miye."

Risasi ilimpata shingoni. Aliniangukia, na hakuinuka tena.

Watu wa kambini walipita wote. Hilo pia ni la kweli, na hulisema kila ninapoelezea siku ile, ingawa halijanisaidia.

Waliotumwa kuchunguza walinikuta hospitali. Walisema bunduki haina kasoro, kanuni ya utepe ilifundishwa, na chanzo ni uzembe wa askari. Bunduki zikaendelea kutumika. Mimi nikapewa jicho la kioo. Faki akapewa bendera, na neno lile, uzembe, likapanda boti pamoja naye mpaka Kisiwa Panza. Nilisikia kwamba hata waliomzika walikuwa wakinong'ona: mtoto wa Bi Mize alimlipua mwenziwe kwa kutojali.

Sasa ninaishi Madungu, nina kiduka cha vifaa vya simu. Vijana huja na video za bunduki kama ile, mtu ameshika moja kila mkono anazisifu, nao huniuliza: mzee Salum, hii ni nzuri? Sijafika hata miaka arobaini, lakini jicho la kioo huzeesha. Huwaambia ni nzuri. Inampa mtu mmoja kazi ya watu wawili. Halafu huwauzia chaja, wakaondoka.

Kwa Bi Mize sikwenda kwa muda mrefu. Niliogopa swali lake. Nikinyamaza, Faki angebaki mzembe mpaka kiama. Nikisema, ningeitoa lawama mikononi mwake na kuiweka mikononi mwa aliyemlea. Mwishowe neno lile, uzembe, lilinishinda. Nilishuka bandari ya Chokocho, nikavuka kisiwani.

Alikuwa juu ya mbuzi ile ile, akikuna nazi. Alinyanyuka, akanishika uso kwa viganja vyenye mafuta ya nazi, akagusa chini ya jicho bovu.

"Karibu, mwanangu. Nlikuwa n'nakungoja weye."

"Shikamoo, Bi Mize."

"Marahaba. Wamenambia Faki alikuwa mzembe. Weye ulikuwepo. Nambie."

Njiani nilikuwa nimeuandaa uongo: ajali, kudura, hapana aliyejua. Ulikuwa uongo mzuri. Ulimi haukuubeba.

"Hakuwa mzembe, Bi. Nilimwazima magazini, akanirudishia imejaa. Mfuko ulikuwa umechanganywa risasi, na mvua ilikuwa kubwa. Alijaza kwa kupapasa. Hakutaka kuirudisha tupu."

Alikaa. Aliokota kifuu, akakitazama ndani kwa muda mrefu, ingawa hakikuwa na nazi tena.

"Bado mdogo, anasoma Kurani chuoni," alisema, "alirudisha sahani ya watu tupu. Vilivyomo alivila njiani. Nlimpiga mpaka akalala bila ya kula."

Alinyanyuka, akaingia ndani, akatoka na lile bakuli la maua ya buluu limefunikwa kawa. Muhogo wa nazi, bado wa moto.

"Mpelekee mama yako," alisema. "Na likirudi, mwanangu, lirudi tupu."

Vitongoji mama aliliosha bakuli, akaufuata mchele wa kutia ndani. Nilimshika mkono.

"Salum! Watatuonaje watu?"

"Ndivyo alivyotaka mwenyewe."

Nilivuka nalo limefunikwa kawa. Wanawake wawili botini walisogea kunipisha, wakidhani nimebeba chakula, nisije nikamwaga.

Bi Mize alilipokea kwa mikono miwili. Hakuliweka kando. Alifunua pale pale, mbele yangu, akaingiza mkono, akapapasa chini na pembeni, polepole, mpaka ukingoni.

"Ahsante," alisema.

Kisha akapanda juu ya kigoda, akalisukuma nyuma kabisa ya kabati, mahali pa vyombo visivyotumika.