Mfuko Mkubwa wa Mtoto Mdogo

Shilingi elfu moja mia nane na hamsini, kumlaza mtoto mmoja. Nimehesabu mara mbili, na mara zote mbili zimekataa kushuka. Mia mbili na hamsini ya mfuko wa kwanza, mia nne ya mfuko wa pili, na elfu moja mia mbili nauli ya mama mkwe wangu kutoka Tulia hadi Emali na kurudi. Usingizi sijautia kwenye hesabu kwa sababu bei yake siijui. Kama kuna anayeuza, aje tuongee.

Binti yangu alikuwa na miezi mitano. Alikuwa amejua kugeuka, na alikuwa amejua kupiga mateke. Ukimfunika blanketi analitupa. Ukilirudisha analishika kwa mikono miwili na kulivuta hadi usoni, kama mchuuzi aliyeona askari wa kaunti. Nilikuwa nikiamka kumfunika, naamka tena kumfunua pua, na asubuhi nauza vitunguu nikiwa nimesimama wima lakini nimelala.

Kliniki, nesi aliyempima uzito aliniambia mtoto wa umri huo alale chali, bila mto, bila blanketi la kuzurura kitandani. Nikamuuliza, na baridi ya Julai je? Akasema kuna mifuko ya kulalia: unamtia mtoto ndani kuanzia mabegani, unafunga zipu, mikono inabaki nje, miguu inacheza humo ndani. Ukitaka kujua kama ana baridi, usishike vidole, shika nyuma ya shingo. Kisha akaita mwingine, kwa sababu foleni ilikuwa imefika kwenye geti.

Chumba chetu ni cha mabati, ng'ambo ya barabara ukitoka sokoni. Adhuhuri bati linachoma. Alfajiri upepo unapita chini ya mlango kama aliyelipa kodi. Mume wangu huendesha lori la Mombasa, na akilala nyumbani ni habari ya kupigia watu simu. Kwa hivyo nilipotaka kurudi kwenye vitunguu vyangu, mama yake alikuja kunilelea mtoto. Alikuja na kuku mmoja na blanketi. Blanketi zito, rangi ya damu ya mzee, lina chui katikati anayetisha kuliko baridi yenyewe. Alikuwa amelinunua kwa pesa za ndengu zake. Nilishukuru, na nilimaanisha. Kisha nikaanza kulikunja kila aliponipa mgongo.

Alinishika siku ya pili.

"Mwaitu," nikamwambia, kwa maana ndivyo ninavyomwita, kama mama yangu, "nesi amekataa blanketi."

"Nesi amezaa wangapi?"

"Sikumuuliza."

"Mimi nimelea saba. Nenda uwaulize kama walilala uchi."

Siku ya soko nilienda kwa mwanamke anayeuza mitumba ya watoto kando ya barabara ya Loitokitok. Hutandika turubai chini na kukaa katikati yake kama mwenye kiwanja. Nilimweleza ninachotaka. Akainua vitu vingi kabla ya kuelewa, kisha akachomoa mifuko miwili, mmoja wa miezi sita, mwingine wa miezi kumi na minane. Yote safi, yote na zipu.

"Mia tano, mum. Hii ni kamera, chaguo la kwanza, imetoka kwa beli juzi, hakuna mtu ameishika."

"Mia tano imekuja na mtoto ndani?"

"Wewe una wako. Mia nne."

"Na hii namba hapa kwa lebo? Mbili na nusu ya nini?"

Hakujua, na mimi sikujua bado kwamba ni kipimo cha joto la mfuko, lakini yeye ndiye muuzaji. "Hiyo ni gredi," akasema. "Juu yake iko tatu peke yake."

Tulivutana hadi mia mbili na hamsini. Mdogo bei hiyo, mkubwa bei hiyo. Sasa niambie, mtu mwenye akili zake timamu atachukua upi?

Kwetu hakuna anayemnunulia mtoto nguo inayomtosha. Nguo inayotosha ni hasara iliyopigwa pasi. Mimi nilianza darasa la kwanza na sweta lililonifaa darasa la tano. Mikono ilikunjwa mara tatu, na mwalimu alikuwa akinitafuta humo ndani. Viatu vilitiwa magazeti kwa mbele. Hakuna aliyeona ajabu, kwa sababu darasa zima tulikuwa hivyo. Ukimnunulia mtoto, unamnunulia yule atakayekuwa mwaka ujao. Nikachukua mkubwa, nikaondoka nikijisikia mjanja.

Mama mkwe aliutazama mfuko kwa muda. "Sasa mtoto anatiwa kwa gunia, kama ndengu?" Kisha akaupima kwa mikono, toka juu hadi chini, na uso ukalegea. "Lakini umejua kununua. Huu atavaa mpaka atembee."

Tangu ashuke kwenye gari, hilo ndilo jambo la kwanza tulilokubaliana.

Siku chache zilipita vizuri. Mtoto hakutupa chochote, kwa kuwa hapakuwa na cha kutupa. Nilianza kulala vipande virefu kidogo. Mchana nikimwacha na bibi yake sikuwa na wasiwasi.

Mchana mmoja nilikuwa nampimia mwenye hoteli vitunguu vyake, nikamwona mama mkwe anakuja katikati ya meza za soko. Yeye huogopa kuvuka ile barabara kwa sababu ya malori, na hakuwahi kunifuata kazini. Mtoto alikuwa mgongoni, amefungwa leso kwa nguvu. Alifika, akaweka mfuko juu ya vitunguu vyangu.

"Gunia lako limemmeza mtoto."

Alisimulia bila kupandisha sauti. Alimlaza mtoto alipomaliza kunyonya chupa, akatoka kuanika nepi. Aliporudi aliona mfuko umelala kitandani na hauna kichwa. Mtoto alikuwa ameteleza akaingia, kwa kuwa shingo ya mfuko ilikuwa pana kuliko mabega yake. Mikono ndani, pua ndani, nje zimebaki nywele. Alivuta zipu ikakwama, akaishika kwa mikono miwili akaipasua.

"Alilia?" nikauliza.

"Alilia. Alikuwa amelowa jasho na amekasirika. Angekosa kulia, hungeniona hapa. Ningekuwa bado nimekaa chini pale."

Nilikaa juu ya gunia la vitunguu. Nilimfungua mtoto mgongoni mwake, nikamgeuza, nikamtazama pua, midomo, kucha, nikarudia tena. Alikuwa mzima. Alinishika sikio akavuta. Mwenye hoteli alichukua vitunguu vyake akalipa, na kwa mara ya kwanza hakuomba kuongezewa.

"Leo analala kwa blanketi," mama mkwe akasema.

"Mwaitu, blanketi litamfanyia hivyo hivyo. Umeona anavyolivuta."

"Wewe unaogopa nguo. Mimi naogopa baridi." Alichukua kitunguu kimoja akaanza kukimenya maganda makavu, ingawa hakuna aliyemtuma. "Nilizaa wanane. Aliyemfuata mume wako alikuwa msichana. Alishikwa na kifua mwezi wa sita, kulikuwa na ukungu mpaka saa nne. Tulimbeba kwenda hospitali kwa miguu. Tulifika naye, lakini hatukurudi naye."

Nimeolewa katika nyumba hiyo miaka sita. Mume wangu hajawahi kulisema jambo hilo. Labda hakumbuki, labda hakuambiwa. Mimi huhesabu chenji mara mbili, huhesabu neti za vitunguu mara mbili zikishuka kwenye lori, na miaka yote hiyo nilisikia "nimelea saba" na sikuwahi kujiuliza kwa nini hasemi "nimezaa."

Nilimwomba jirani aniangalilie meza, tukaenda kwa mwenye turubai, sisi watatu.

Alipotuona alianza kujitetea tukiwa mbali. "Bidhaa ikitoka hairudi, mum."

"Sijakuja kurudisha. Ule mdogo uko wapi?"

"Uliuzwa asubuhi ile ile uliponunua wako."

Alichimba kwenye rundo hadi akapata mingine mitatu. Mama mkwe alikaa juu ya turubai bila kukaribishwa, akampakata mtoto, akasema atamvalisha mmoja baada ya mwingine hapo hapo. Wa kwanza nilikataa mimi: ulikuwa na kofia nyuma, na kofia hujikunja ikaja usoni. Wa pili alikataa yeye. Alipitisha kiganja kizima kati ya kitambaa na shingo ya mtoto, akautupa kwenye rundo. Wa tatu vilipita vidole viwili vyake, na si zaidi. Makwapa yalishika vizuri. Chini ulikuwa mpana, miguu ikapiga mateke yake bila kizuizi. Zipu aliipandisha na kuishusha hadi mwenye turubai akaanza kuihurumia.

"Ni mwembamba," mama mkwe akaniambia. "Hii ni leso imeshonwa."

"Joto linaongezwa ndani, Mwaitu. Nguo za mwilini ndizo tutapunguza na kuongeza. Juu hakuna kitu."

Hakukubali, hakukataa. Aliutia mfuko kwapani.

"Mia nne," mwenye turubai akasema, akajiweka sawa kusubiri.

Nilitoa mia nne.

Alizishika akanitazama. "Hutaki tuongee?"

"Leo nimechoka."

"Ama wewe ni mgonjwa?"

Mama mkwe alinung'unika njia nzima. Mia nne, na mwanamke yule alikuwa ameshajiandaa kukubali mia tatu, hata kipofu angeona. Nilimwacha aseme. Ilikuwa nafuu kumsikia akilalamikia pesa.

Jioni hiyo upepo ulianza mapema. Tulimwogesha, nikamvalisha vesti, nikamtia kwenye mfuko mpya, tukamlaza chali. Alilala kabla ya zipu kufika juu. Tulikaa kando ya kitanda, wawili, tukimtazama kama watu wanaochunga sufuria ya maziwa. Nilimgusa vidole, vilikuwa baridi. Nesi alikuwa amesema vidole hudanganya, ushike nyuma ya shingo. Nikashika. Niliona ni joto, kisha nikaona si joto sana, kisha sikujua tena mkono wangu unaniambia nini. Bibi yake alikuwa ameshika ukingo wa kitanda.

"Mwaitu," nikamwambia, "weka mkono wako hapa, nyuma ya shingo. Nimwongeze sweta ndani, ama hii vesti inamtosha?"