Pazia la Bariadi

Harufu ya kitenge kipya, kile ambacho bado kina wanga wake na hakijaonja maji, hunirudisha Bariadi mpaka leo. Naweza kuwa dukani popote, muuzaji akakunjua kitambaa mbele yangu, na papo hapo nikawa tena mtoto mwenye vumbi kwenye kope, nimebanwa ndani ya pikapu ya baba katikati ya watu wawili niliowapenda, ambao hawakuruhusiwa kutazamana. Ulikuwa msimu wa pamba, miaka ile wanunuzi binafsi walipoanza kuingia vijijini na kila mwenye chuma cha kutembea akajiita msafirishaji. Baba alikuwa ameacha udereva wa chama cha ushirika akanunua pikapu kuukuu, na pale kwetu Kiloleli gari lile likawa kama la kijiji kizima. Lilibeba pamba, wagonjwa, maharusi, na mara moja fahali aliyekataa kushuka.

Safari yenyewe ilikuwa ya bibi yangu, mama yake mama, ambaye baba akimtaja humwita mayu, yaani mama kwa lugha yetu. Zilikuja habari kwamba dada yake, ndugu pekee aliyebaki naye duniani, yuko taabani Binza, kule Maswa, na kwamba kila akipata nguvu ya kusema anamtaja yeye. Mama alikuwa na kichanga, hawezi kusafiri. Dereva ni baba, na hapo ndipo penye kazi, kwa sababu kwa Wasukuma wa rika la bibi, mama mkwe na mkwewe hawatazamani usoni, hawali wakionana, wala hawakai wakagusana mabega. Wakikutana njiani mmoja huingia porini. Heshima si utumwa, lakini siku ile ilitaka kufanana nao. Nikapelekwa mimi niwe kinywa chao, na bibi akapanda nyuma, juu ya magunia matupu, akisema huko kuna hewa nzuri.

Hewa hiyo ilikuwa vumbi tupu. Bibi alikuwa na pumu, na tulipofika Bariadi alishuka akiwa mweupe kama mtu aliyetoka mashine ya kusaga, kifua kikilia filimbi. Alikaa kwenye ngazi ya duka moja, akavuta pumzi kwa shida, kisha akaniita. "Kabula, mwambie baba yako anirudishe nyumbani. Dada yangu ataelewa." Nikamwambia ndani ya gari kuna nafasi. Akanitazama kama nimetukana. Kwake bora akose kumzika dada yake kuliko kukaa kiti kimoja na mume wa binti yake, na mimi nilianza kulia palepale, maana hata kwa akili yangu ya kitoto nilijua kurudi ndiyo kwaheri.

Baba alipopata ujumbe hakubisha wala hakukubali. Alisema gari limechoka, lazima lipoe. Akafungua boneti, akatia maji kwenye rejeta isiyokuwa na kiu, akalala uvunguni mwa gari akipigapiga kitu. Sasa najua alikuwa anatafuta muda wa kufikiri. Kwangu mimi kupoa kule kulikuwa sikukuu. Bariadi iko juu, ina upepo wake na vilima vyake vya mawe, na mwaka ule mji ulikuwa umechangamka kama nyumba yenye harusi: mitumba imemwagwa chini kwa malundo, redio kila kibanda na wimbo wake, soda za rangi ambazo kwetu tulizisikia tu, na katikati ya yote hayo ng'ombe wakipita bila kumwomba mtu ruhusa. Nilizunguka, nikarudi, nikazunguka tena, na kila niliporudi nilimkuta bibi amekaa vilevile, ameelekea njia ya nyumbani.

Njaa ndiyo iliyotuokoa. Baba aliingia nami kwa mama mmoja muuza chakula, mgeni pale mjini asiyejua mila zetu, mchangamfu sana. Yule mama alimwona bibi juani akaona ni aibu. "Baba, mama yako unamwachaje nje na wewe unakula?" Kabla hatujamjibu alikwisha kumshika bibi mkono na kumleta mpaka mezani. Sijawahi kuona watu wazima wakikimbiana namna ile. Baba aliruka benchi akaacha tonge limezama kwenye mchuzi, bibi akajifunika kanga mpaka kichwani akawa anapapasa ukuta. "Ni mkwewe!" nikapiga kelele. Mgeni njoo, mwenyeji apone: yule mama alicheka mpaka akakaa chini, kisha akampeleka bibi nyuma ya pazia lililotenga jiko na wateja, akampa kigoda. Baba akarudi mezani. Wakala, mmoja huku na mmoja kule, hatua moja tu kati yao, na hakuna aliyevunja mwiko wa mtu.

Nilimwona baba ameacha kutafuna, analitazama lile pazia. Akainuka bila kunawa vizuri. Aliporudi alikuwa na kitenge cha njano chenye maua ya buluu na kipande cha waya, na tukakifunga ndani ya gari, kutoka kwenye kioo cha mbele mpaka nyuma ya kiti. Bibi aliletwa akague. Alikishika, akakivuta, akaniuliza kama upande ule unaonekana. Nikamwambia hauonekani. "Haya," akasema, na akapanda, dirisha likafungwa, nami nikakaa katikati. Kila baba alipobadili gia kitenge kilivimba, na bibi alikusanya miguu yake kwa adabu. Tulipokaribia Maswa, filimbi ya kifua ikiwa imenyamaza, alisema neno moja akielekea kwenye yale maua. "Wabeja." Ni asante ya kwetu, na hakuipitisha kwangu. Baba hakujibu, ila gari liliyumba kidogo.

Kule Binza, dada yake bibi alimtambua. Walishikana mikono, wakacheka mambo ya usichana wao ambayo hatukuambiwa, na msimu ule wa pamba haukwisha kabla hatujamzika. Bibi alikuwepo.

Siku hizi barabara ni ya lami, Bariadi ni mji mkuu wa mkoa, na mtu anaweza kuipita bila hata kupunguza mwendo. Mimi hupunguza. Mume wangu na mama yangu wanakaa kochi moja na kugombania taarifa ya habari, nami nafurahi kuwaona. Lakini mwaka jana nilipata picha ya marehemu bibi kwenye simu, nikamkimbizia baba, ambaye sasa ni mzee wa fimbo. Nilidhani atafurahi. Baba alivuta kofia yake mpaka ikafunika macho, akaisukuma simu taratibu kwa mgongo wa mkono, akaielekezea ile picha sikio. "Wabeja, mayu," akaijibu.