Ukuta wa Buluu Siku ya Posa ya Zena

Chekeni tu, sitakasirika, maana siku hizi hata mimi nikikumbuka nacheka peke yangu, lakini siku yenyewe, wallahi, nilitamani sakafu ipasuke inimeze na kopo langu la chumvi.

Mimi nilikuwa dobi. Miaka ya themanini hoteli za ufuoni Malindi zilikuwa zimejaa Wataliano, na katika moja ya hoteli hizo nilifua mashuka na taulo na suruali nyeupe za mameneja, na kwa kutoa madoa hakuna aliyenishinda (najisifu, ndiyo, niacheni nijisifu hapa mwanzo kwa sababu huko mbele sina cha kujisifia). Basi mwaka huo binti yangu Zena alikuwa anaposwa. Kijana mwenyewe, Swaleh, alikuwa mtu wa Mambrui, mpole, na wawili hao walikuwa wamengojeana muda mrefu hata mimi baba mtu nikawa nawaonea huruma. Tatizo halikuwa Swaleh. Tatizo lilikuwa ami yake, Mzee Athmani, muuza vitambaa, mtu wa kanzu iliyopigwa pasi mpaka mikunjo inakata, na kwao neno la mwisho lilikuwa lake. Ilijulikana pwani nzima kwamba aliwahi kuondoka kwenye posa ya watu, posa ikafa, kwa sababu kahawa iliyoletwa ilikuwa imepoa.

Sasa tazama sebule yangu. Ukuta umebambuka, viti vya mbao vinne, kimoja kinachechemea. Mke wangu, Mama Zena, akasema tununue rangi ya mafuta tumtafute fundi, yaishe. Mimi nikakataa. Na hapo ndipo nilipopotea, hapo hapo, kwenye neno hilo moja.

Nilikataa kwa sababu kule hotelini alikuwa amekuja mama mmoja wa Kitaliano kupamba ukumbi mpya, akaondoa viti vyote, akatandika mikeka, akaweka mito chini ukutani, na ukuta wenyewe akaupaka chokaa yenye buluu kwa tambara, kwa mkono, hapa imekolea, hapa imefifia, mfano wa mbingu asubuhi. Wageni wakawa wanaupiga picha ukuta! Nikajiambia, ah, mikeka kwetu ipo, chokaa ni rahisi, na buluu ya kufulia (ile ya vidonge inayotiwa kwenye maji ya nguo nyeupe) mimi dobi nitaikosa wapi?

"Baba," Zena akaniambia, "chokaa nyeupe tupu inatosha. Wale wanakuja kunitazama mimi, hawaji kutazama ukuta."

"Wewe nyamaza," nikamwambia, "utanishukuru."

Viti nikavipeleka kwa jirani yetu Mama Kadzo, akavipokea kwa furaha ambayo ilipaswa kunishtua. Kisha nikaanza kazi. Mtu yeyote wa pwani anajua chokaa hutiwa chumvi kidogo ili ishike isidondoke, gao moja la kiganja kwa ndoo, basi. Lakini shemeji yangu alikuwa kibarua kwenye mashamba ya chumvi huko Gongoni na alikuwa ameniletea gunia zima, na mimi kitu kikiwa cha bure sijui kuacha. Gao moja likishikisha, si kopo zima litagandisha kama saruji? Nikatia kopo. Nikaonja kwa macho, nikatia la pili. La tatu nilitia nikiimba. Nikapaka kwa tambara, kwa mkono, hapa imekolea, hapa imefifia, na ilipokauka Mama Zena mwenyewe, ambaye hanisifu hata kwa bahati mbaya, akasimama mlangoni akasema, "Mh! Si haba."

Siku ya posa asubuhi nikaupapasa ukuta kwa kiganja, mkavu, safi. Adhuhuri ikanyesha mvua fupi, ile ya kututania, kisha jua likatoka na mji wote ukawa unafuka mvuke. Chumvi nyie mnaijua. Iache wazi kwenye kibakuli siku kama hiyo uone inavyolia maji. Mimi ukutani nilikuwa nimepaka makopo matatu na wala halikunijia.

Wakaja washenga saba, kanzu nyeupe saba, Mzee Athmani mbele na bakora yake. Salamu, shikamoo, marahaba, wakavua viatu, wakatafuta viti kwa macho, hawakuviona, wakaketi kwenye mikeka na kila mmoja akaegemea ukuta vizuri, mgongo wote. Mzee Athmani akazungusha macho.

"Pazuri," akasema. "Pana ubaridi fulani mgongoni."

Nikavimba kichwa. Ubaridi! Nikamimina kahawa, ya moto kweli kweli, na alipoinama mbele kupokea kikombe ndipo nilipoona. Yarabi. Kuanzia mabegani mpaka kiunoni mzee alikuwa buluu. Si doa, ni shamba. Nikamtazama wa pili, buluu. Wa tatu alikuwa ameegemeza na kichwa, kofia yake ya vito nyuma imekuwa buluu kama ya askari.

Mwenye akili angesema. Mimi nikafikiria ile kahawa iliyopoa na posa iliyokufa, nikamfikiria Zena chumba cha pili amekaa na mama yake nyuma ya pazia, roho mkononi. Nikajipa shauri la kijinga kabisa, kwamba wakikaa sana watasahau kuangaliana migongo, au rangi itakauka, au sijui malaika atashuka na sabuni. Basi kila aliyetaka kuinuka nikamkalisha. "Ketini, ketini, haluwa inakuja." Haluwa ikaja. "Kikombe kimoja zaidi, ami, mbona haraka?" Nao wanavyokaa ndivyo wanavyozidi kukolea. Mazungumzo yenyewe yalikwenda vizuri mno, mzee akawa hata anatabasamu, na kila tabasamu lake likanichoma.

Kisha ikaadhiniwa alasiri. Wote saba wakajikusanya waende msikitini, na msikiti wetu siku ile ungejaa watu, nao wangesimama safu ya mbele kwa heshima yao, mji mzima nyuma yao unasoma migongo.

Pazia likafunguka, akatoka Zena. Binti anayeposwa, mbele ya washenga! Mama yake alikuwa amemshika mkono, akajichomoa. Akainamisha kichwa.

"Shikamoo, ami. Niwieni radhi. Kanzu zenu zimeingia rangi ya ukuta, zote. Msitoke hivyo, mtachekwa na watu."

Wakageuzana, mmoja akatazama mgongo wa mwenzake. "Astaghfirullah!" Mzee Athmani akavuta kanzu yake kwa nyuma, akaiona, akanigeukia mimi polepole.

"Wewe ulikuwa umeona?"

"Niliona, ami."

"Tangu lini?"

"Tangu kikombe cha kwanza."

"Nimekunywa vitano!"

Niliona haya ambayo sijawahi kuyaona tangu nizaliwe, na si ya zile kanzu. Ni kwamba mwanangu alisimama akasema lililokuwa langu kusema, na yeye ndiye aliyekuwa na cha kupoteza.

Nikafanya kitu kimoja ninachokijua. Nikaomba kanzu zote, wazee wakajifunga leso za Mama Zena, za maua, wakasali sebuleni mule mule, katikati kabisa, mbali na ukuta. Mimi uani nikafua kama aliyepagawa, nikasuuza maji matano, nikazimalizia kwa pasi ya makaa zikatoka nyeupe kuliko zilivyokuja (buluu kazi yake ni hiyo, ikitumika na mwenye akili). Mzee Athmani akavaa yake, akaitazama kwenye mwanga, akanyoosha mkono wa kanzu.

"Baba mtu ni muoga," akasema mbele ya wote, "lakini binti ni mkweli, na sisi hatukuja kumposa baba." Nyuma ya pazia Mama Zena akapiga kigelegele mpaka mwenyewe akakohoa.

Siku ya kuletwa mahari na vitu vya bibi harusi, kikaja na kilemba, ile zawadi ya baba wa binti, kimefunikwa kwa kitambaa cha hariri juu ya sinia. Watu wamejaa. Nikafunua. Mkebe mkubwa wa rangi ya mafuta, nyeupe, na brashi mpya imefungwa utepe.

Nikanyoosha mkono, Mzee Athmani akaiwahi ile brashi. "Hii si yako," akasema. "Ni ya fundi. Yuko nje anangoja."

Tangu siku hiyo sijapaka hata mlango wa choo. Viti Mama Kadzo alinirudishia vitatu, cha nne anadai kilikuwa chake tangu zamani. Na nikimwona mtu ana doa mgongoni, awe nani, namwambia hapo hapo, kabla kahawa haijamiminwa.