Chujio Aliloliweka Marehemu

Mke wa marehemu kaka yangu hujibu swali kabla hujalimaliza. Ni mshonaji wa sare za shule. Chumba chake cha mbele kina cherehani dirishani na vitambaa mpaka chini ya makochi, na kila wiki hupakia sare kwenye gari dogo jeupe alilomwachia mumewe, akazisambaze madukani kwa barabara ya vumbi. Bila gari hilo hakuna kula.

Mimi ni fundi magari. Mdomo wangu ni mchafu, ila mkono wangu ni msafi, ndiyo maana wateja wananivumilia. Shemeji alipokuja akilalamika kwamba gari linakunywa petroli kupita kiasi na kilimani linatambaa, sikuhitaji hata kufungua boneti. Gari halikuwa linapata pumzi.

"Shem, hili chujio la hewa limebadilishwa lini?"

"Tengeneza vyote. Hilo usiliguse."

Nikadhani utani. Sisi hutaniana, yeye ananiita Kelele, mimi namwita Bosi. "Bosi, nikikuziba pua kwa kitambaa, utashona?"

Hakucheka. Ndipo nikakumbuka. Chujio lile aliliweka kaka, asubuhi ya siku aliyoanguka.

Kaka hakuwa fundi, lakini chujio la gari lake hakumwachia mtu, hata mimi ndugu yake. Kitabu cha gari kilisema lingojewe mpaka kilomita fulani. Yeye akisema kitabu hicho kimeandikwa na watu wa lami. Alilitoa mara kwa mara, akaligongagonga, akamulika tochi kwa nyuma. Mwanga usipopenya mikunjo ya karatasi, linatupwa. Siku ile aliweka jipya, akanawa mikono, akaketi kungoja chai. Presha haikumpa nafasi ya kuinywa.

Basi kwa shemeji, kile ndicho kitu cha mwisho kilichotengenezwa na mikono ya mumewe. Nilibadilisha plagi, nikasafisha huku na huku, nikijua nafanya upuuzi. Sikio la kufa halisikii dawa; methali hiyo ilinifika ulimini nikaimeza, maana mjane humtajii kifo kwa mzaha.

Haikupita muda, gari likamzimikia kilimani likiwa na mzigo. Likaanza kurudi nyuma kidogo kidogo, naye amekanyaga breki kwa miguu yote miwili. Wapita njia wakalisukuma pembeni. Duka lililokuwa likimsubiri likachukua sare za mshonaji mwingine. Nilipofika na kamba ya kulivuta, nilimkuta ameketi juu ya mafurushi, macho makavu.

"Kumbe naliua mwenyewe," alisema.

"Halijafa. Ila ukiendelea hivi, injini itakwenda, na injini si kitu cha kuokota."

Tulipofika gereji alinikataza nisiguse. Alifungua mwenyewe vibanio vya kiboksi cheusi kinachokaa chujio, ukucha mmoja ukakatika, akalitoa. Mikunjo ilikuwa imejaa vumbi hata haionekani. Nilimulika tochi kwa mazoea tu, hakikupita kitu. Alilipangusa kwa upindo wa gauni kana kwamba litatakata, akaliweka kwenye kiti cha mbele. Nikampa jipya. Alilipachika polepole, nikamwonyesha tu upande unaokaa juu.

"Haya, washa."

Aliketi kwenye usukani, akageuza ufunguo, injini ikashika mara moja. Ikanguruma laini, nyepesi, kama enzi za kaka. Uongo dhambi, mimi fundi nilifurahi. Shemeji akaizima papo hapo. Akalichukua lile chujio bovu, akalipakata, na kilio kikamtoka, kile ambacho hata siku ya mazishi hatukukisikia.

"Mbona gari limekubali jipya haraka hivi, shemeji?" aliniuliza. "Mimi mbona siwezi?"

Nilizunguka nikaingia kiti cha pili, na mikono yangu ya grisi, nikalia pamoja naye, maana yule alikuwa kaka yangu.