Kikasha cha Mlangoni

Wiki yangu ya kwanza kwa yule bibi wa Kiyahudi niliyekuwa namhudumia, nilipita mlangoni pake upande-upande, nikikwepa kikasha kilichopigiliwa kwenye mwimo. Chembamba kama kidole, kimekaa mshazari. Nikasema, mama yangu, hii ni hirizi! Sisi walokole tuliolelewa kambi ya wakimbizi Kigoma, hirizi tunaikemea, hatuiulizi habari. Basi kila asubuhi, nikishatoka kwangu Granville, huku ughaibuni, na treni yangu, nilikikemea kimoyomoyo, kisha naingia kumwogesha bibi.

Siku moja akanikuta midomo inacheza. "Unakisemesha nini?" Nikamwambia ukweli. Alicheka mpaka akakohoa. Ndani, akasema, kuna kipande cha ngozi chenye maneno ya Torati: tumpende Mungu kwa moyo wote, na maneno hayo tuyaandike kwenye miimo ya milango. Weee! Hayo niliyakariri shule ya Jumapili, nikapewa na peremende. Haikunijia hata siku moja kwamba kuna watu wanaoyaandika kweli.

Kwao, anayepita hukigusa, kisha hubusu vidole. Lakini baridi yabisi ilikuwa imemfunga mabega, na kutoka kwenye kiti cha magurudumu hakukifikia tena. Akagoma kutoka nje. "Nipite bila kusalimia, kama mwizi?" Na arusi ya mjukuu wake ilikuwa Jumapili hiyo.

Jumapili nikamvisha gauni la bluu, lulu shingoni, nikamsukuma hadi mlangoni. Akakunja uso. "Nirudishe." Nilikasirika, nakwambia! Gauni nimelipiga pasi mara mbili, teksi iko chini, halafu nirudishe? "Bibi, hurudi," nikasema, nikanyoosha mkono wangu mwenyewe nikakigusa kikasha. Hakikuniunguza. Nikamshushia vidole mbele ya midomo, huku naogopa kwamba nimeharibu dini ya watu.

Aliviangalia kidogo, vidole vilevile vilivyomsugua miguu asubuhi, vingali vinanukia sabuni. Akavibusu.

Nchi hii wananishukuru kutwa nzima, wala sinung'uniki. Lakini mkono wangu ulikuwa haujawahi kubusiwa na mtu. Machozi yakanitoka, nikabaki nimeshikilia mlango.

"Haya, mbona umesimama?" akasema. "Unadhani bibi arusi atatungoja sisi?"