Mumunye la Ghorofa ya Saba

Mwaka jana nilirudi Guangzhou kununua vitambaa soko la Zhongda, na kabla hata uchovu wa safari haujanitoka nikaenda mtaa wa Xiaobei kutazama dirisha letu la zamani. Zile nondo zilizotokeza nje kama tundu la kuku zimeng'olewa, wameweka kioo. Nilisimama pale barabarani huku watu wakinipiga vikumbo, nikatabasamu peke yangu. Wewe ungepita ungeona dirisha tu. Mimi niliona shamba la bibi yangu.

Bibi alitufuata huko kutoka Tanga miaka ile biashara ya baba ilipochanganya. Alikuja na mbegu za mumunye kazifunga kwenye pindo la kanga. Zilikuwa za mwisho, maana uwanja wake kule nyumbani ulishajengwa fremu za maduka. Maboga ya Kichina yalijaa sokoni, lakini bibi alisema hayana ladha, na kwa hilo hakubishika. Akapanda nusu ya mbegu kwenye ndoo za rangi pale dirishani. Zikatambaa, zikachanua vizuri kweli, halafu vitunda vikasinyaa na kudondoka vyote. Ghorofa ya saba hapakuwa na nyuki hata wa dawa. Bibi hakulia, alizikaza tena mbegu zilizobaki kwenye pindo la kanga.

Baridi ilipoingia akaanza kusuka vikapu. Ukindu hakuna, basi akachukua kamba za plastiki za manjano ambazo baba alifungia marobota ya kwenda bandarini Huangpu. Mimi nazinyoosha, yeye anasuka, na mkwaruzo wake nausikia mpaka leo. Tukatandika vipande vya kitambaa ndani, tukatia udongo, tukapanda mboga za majani za Kichina na kuvitundika vikapu kwenye nondo. Sokoni alikuwa amewaona nyuki wakizengea mafungu ya mboga hizo yaliyochanua. Mboga zetu ziachwe zitoe maua, alisema, nyuki wazoee kuja, na mumunye likichanua wawe wanaijua njia. Ndipo akafukia mbegu zote zilizobaki.

Jirani wa mlango wa pili, mama wa Kichina tuliyemwita ayi, yaani shangazi kwa Kichina, alishindwa kuvumilia. Kwao mboga ile huliwa ingali changa. Kuiacha ichanue ni kuitupa. Asubuhi moja akaingia na mkasi, kwa wema kabisa, atuvunie.

"Lao le! Lao le!" alilalamika. Imezeeka hiyo!

Bibi alijua Kichina kimoja tu, kile cha kukataa bei sokoni. Akavikinga vikapu kwa mikono miwili. "Bu yao! Bu yao!" Sitaki! Kisha akanigeukia: "Mwambie ayi, mjukuu wangu, mboga hii ina wageni wake."

Nikamwambia. Ayi akaondoka akitikisa kichwa.

Na wageni wakaja! Akaanza nyuki mmoja, akazungukazunguka kama anayetafuta namba ya nyumba, siku zilizofuata wakaja wenzake, na vipepeo wakafuatia. Bibi akamwita ayi aje aone, na wazee wale wawili wakakaa kutwa nzima wakila karanga na kuhesabiana nyuki kila mmoja kwa lugha yake. Mumunye lilipochanua, safari hii tunda moja halikudondoka. Likanenepa. Mama akanunua nazi kabisa. Sisi watoto tulishaanza kuligombania.

Bibi akakataa lisiguswe. Akaliacha likomae mpaka ganda likawa gumu kama ubao. Ayi akaja, akaligonga kwa kidole, akacheka mpaka machozi. "Lao le!"

Lile mumunye hatukulila. Tulitoa mbegu, zikarudi kwenye pindo la kanga.

Bibi ametangulia, ayi kahama sijui wapi, na mtaa ule sasa haunijui. Nimewakumbuka sana. Lakini njoo uani kwangu Tanga msimu wa mumunye uone ya mbegu zile yalivyotambaa. Kila msimu mimi huacha moja lizeeke. Wanangu wakija na kisu wakinung'unika, nasimama mbele yake, mikono nimeitandaza.

"Bu yao!"