Mshona Viatu wa Meza ya Kumi na Sita

Kabla ya kusogeza kete, mshona viatu anayechezea timu ya sataranji ya Norfolk, Uingereza, huikalia mikono yake yote miwili, kama mtu anayezuia mbwa wawili wasitoke nje. Vidole gumba vyake vina weusi wa nta ambao sabuni imeshindwa kuutoa. Chai haigusi mpaka ipoe, na akizama katika mawazo huguna kooni. Nahodha wake, Bwana Pennifold, alimweka meza ya mwisho, ya kumi na sita, msimu wote wa mwaka 1927 bila wasiwasi, mpaka Jumamosi ile mjini Ipswich, meza nyingine zote zilipomalizika na timu mbili zikiwa bado sawa. Sare moja tu ingewapa ubingwa wenyeji wao, Suffolk, waliokuwa mbele kwa pointi za msimu.

“Tukubaliane sare, fundi,” mpinzani wake, daktari wa Suffolk, akamwambia, akitazama saa yake. “Gari moshi lenu la mwisho linaondoka saa kumi na mbili.”

“Najua.”

“Utalala kituoni wewe.”

“Nimelala pabaya zaidi, kule vitani Ufaransa.”

Filimbi ya gari moshi likiondoka ikalia kituoni. Wachezaji wake walikuwa wamesimama na makoti mikononi, na hakuna aliyeondoka. Mshona viatu akasukuma kete yake ya askari hatua moja. Daktari akautazama ubao robo saa nzima, kisha akamlaza mfalme wake kukubali kushindwa.

“Haya, nahodha,” mshona viatu akasema, akiinuka. “Sasa tuulize barabara ya kwenda kwetu inaanzia wapi.”